Zisiguse Maji Mpaka Ijumaa

Msusi amemaliza kupitisha pasi kwenye nywele zangu, na moshi wa dawa ya kunyoosha bado unaniwasha macho.

"Dada, zisiguse maji mpaka Ijumaa," ananiambia.

Nilipokuwa mdogo, Mama alirudi nyumbani kwetu Rahaleo na harufu hii hii. Hakutaka kuzibana nywele wala kuzisukuma nyuma ya masikio, zisije zikapinda. Mimi alinipa kazi ya kumkumbusha mpaka Ijumaa. Kila akisogelea bomba nilimwambia, "Mama, maji," naye akarudi nyuma akicheka. Baba alizipitisha vidoleni, akasema zinateleza kama kambale.

Kesho yake Baba alipata ajali ya pikipiki. Tukamzika jioni.

Dada zake walikuja kutoka Mpapura na wembe mpya, kwa sababu kwao mjane hunyolewa. Walimkalisha Mama kwenye mkeka uani. Shangazi mkubwa, macho yamemvimba kwa kulia, akachota maji kwa kopo ili alowanishe nywele kwanza.

Nilimshika mkono. "Shangazi, usimwagie. Bado haijafika Ijumaa."

Shangazi alibaki na kopo hewani.

"Najua, mwanangu," akasema hatimaye, "lakini ndivyo tulivyokuta." Akautoa mkono wangu taratibu.

Sikuwa na mwingine wa kumwambia. Nikachuchumaa mbele ya Mama.

"Mama, maji."

"Nimesikia, mwanangu," alisema, akainamisha kichwa.