Muuaji wa Panga la Plastiki

Ninazo filamu arobaini na moja za wauaji wa kuchekesha. Nimezihesabu mara mbili. Zote zilitengenezwa kwa hela ya kuungaunga: damu ni tomato sosi, panga ni la plastiki, likigonga shingo linapinda. Watu huniuliza nazipendea nini. Filamu kubwa huficha kazi yake. Hizi unaona gundi, unaona kamba, unaona watu waliotaka sana kututisha wakashindwa, wakaendelea hivyo hivyo.

Niliyoitafuta miaka yote niliionea ujanani, kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, cha Ilomba, Mbeya. Muuaji anaua watu saba, ila maiti nilihesabu nane. Kumbe waigizaji waliisha, mmoja akabandikwa masharubu akauawa tena. Mtafsiri wetu, aliyekuwa akiisimulia kwa maiki, akauliza, "Huyu si tulimzika juzi?" Kibanda kizima kikalia kwa kicheko. Sauti yake ilirekodiwa kwenye sidii moja tu ya filamu hiyo. Mwenyewe ni marehemu sasa.

Mwaka jana nikaikuta Ipogolo, Iringa, kwa mama muuza vyombo vya mtumba. Jina la kibanda chetu lilikuwa juu yake, kwa kalamu nene. Moyo uliruka, uso nikaukunja.

"Mama, hata takataka unauza?"

"Taja bei, baba."

"Bei ya nini? Imechubuka. Na picha yenyewe, muuaji analiogopa panga lake."

"Kumbe umeshaiona?"

Nikajikuna. Nikaondoka polepole, nikisubiri kuitwa. Sikuitwa. Nilizunguka soko, nikarudi.

"Ile sidii, mama?"

"Si umesema takataka? Kaka yangu kapita, kazibeba sidii zote akafukuzie ndege shambani, Madibira."

Nilikwenda. Sidii zilining'inia kwenye kamba juu ya mpunga, zikimeta. Nilizipitia moja moja, nikaiona.

"Chukua, braza," akasema kaka mtu, "ila kwenye kamba usiniachie pengo, ndege watapita."

Nikatoa begini filamu yangu nzuri kuliko zote, niliyotembea nayo siku zote, haina hata mkwaruzo, nikaining'iniza mwenyewe.

Nyumbani picha ilisumbua tangu mwanzo. Ilipofika maiti ya nane ikaganda kabisa, masharubu yakiwa nusu yamebanduka. Sauti ikanasa.

"Huyu si tulimzika... huyu si tulimzika... huyu si tulimzika..."

Rimoti ilikuwa mkononi. Sikuzima.