Kidole Chake Kwenye Taya Langu

Asubuhi ile mke wangu alinimiminia chai, kisha akanibonyeza taya kwa kidole gumba, hapa chini ya sikio.

"Umesaga meno usiku kucha, Fundi."

"Mimi mashine ya unga?"

"Haya, endelea na utani. Siku moja utaamka meno yako yapo mkononi."

Nikacheka. Akavaa viatu vyake vya mpira, akachukua mfuko, akaenda kazini. Saa sita mchana nikapigiwa simu. Alikuwa ameanguka kwenye korido ya kliniki, ufagio mkononi. Nilipofika alikuwa ameshafariki.

Tuliishi pamoja miaka arobaini na moja.

Mke wangu alikuwa mfagizi kwenye kliniki ya meno. Alifagia, akapiga deki, akachemsha vyombo, na akafuta kile kiti kirefu cha mgonjwa. Kiti alikifuta mara mbili, kwa dawa kisha kwa maji, na hakuruhusu mtu mwingine akiguse. Ndiyo maana wagonjwa walimwita Mama Kiti. Mtu akija na shavu limevimba alianza kwake kabla ya kwa daktari, kwa sababu yeye hakuwa na koleo.

Nyumbani hakusema sana habari za kazi. Akirudi alijitupa kitandani, jua bado liko juu, na mimi nikamchokoza.

"Wewe umeolewa na kitanda. Mimi hapa ni mgeni tu."

"Kitanda hakisagi," ananijibu, macho kayafumba.

Kitanda chenyewe nilikitengeneza mimi, mwaka tuliooana. Mimi ni seremala. Yeye alilala upande wa ukutani.

Baada ya mazishi binti yetu alitaka kugeuza godoro, kwa sababu upande wa mama yake lilikuwa limebonyea. Nikamwambia aliache. Tangu siku hiyo nikawa nalala kwenye kiti cha sebuleni. Ni kusema tu nalala. Nilikaa, nikasinzia, nikashtuka, nikasikiliza friji.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi jino la nyuma likapasuka. Sikuwa nimetafuna kitu. Lilipasuka nikiwa nimesinzia palepale kwenye kiti, kama ubao uliobanwa kupita kiasi.

Nikaenda kliniki ileile ya mke wangu. Daktari wa pale ni mwanamke kijana, alifanya kazi na mke wangu miaka tisa. Aling'oa vizuri. Akanipa pamba ya kung'ata, akanieleza la kufanya, nikalifanya. Siku ya nne nikarudi, taya linawaka mpaka sikioni. Akasafisha. Wiki ya pili nikarudi tena. Shimo lilikuwa wazi vilevile.

"Mzee, sukari umepima?"

"Nimepima. Iko sawa."

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Usiku unalala wapi?"

Nikatazama ile taa yake. Akaweka vyombo chini, akangoja.

"Kwenye kiti," nikasema.

"Saa ngapi kwa usiku?"

"Sijui. Mbili. Tatu."

"Basi hata nikikupa dawa za duka zima, hazitasaidia. Wewe si seremala? Ukipaka gundi halafu ukawa unautikisa ubao kila mara, itashika?"

"Haishiki."

"Na mwili ndivyo. Unajitengeneza zaidi ukiwa umelala, na mdomo nao ni mwili. Usipolala, hata vijidudu vya mdomoni vinapata nafasi. Kidonda hiki kikiingia mfupani, mzee, hapa hatutakiweza. Utakwenda hospitali wakakate."

Akanipa kioo nione meno yangu. Yamelika, yako bapa kama yamepigwa randa.

"Haya umeyasaga miaka mingi," akasema. "Ningeshangaa kwamba halikupasuka mapema, ila Mama Kiti aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba ukianza kusaga anaamka, anakubonyeza taya kwa kidole, unaachia. Mara tatu, mara nne kwa usiku. Mchana akimaliza kula analala nusu saa kwenye benchi pale nje. Sisi tunapita tunanyata."

Nikabaki mdomo wazi, na safari hii hakuna aliyeniambia niufungue.

Miaka arobaini na moja. Na mimi namwambia ameolewa na kitanda.

Daktari akachukua vipimo, akanitengenezea kikinga cha plastiki cha kuvaa kwenye meno ninapolala. "Hiki hakina kidole," akasema, "lakini kitasaidia."

Siku niliyokichukua niliingia chumbani mapema. Godoro sikuligeuza. Nikalala upande wangu, mto wake nikauacha ulipo, kikinga mdomoni kama punda aliyetiwa lijamu. Nililia kidogo, baada ya hapo sikumbuki. Nilipoamka jua lilikuwa limefika kwenye kabati, na mkono wangu uko pale alipobonyeza yeye, kwenye godoro.

Haikuwa hivyo kila siku. Kuna siku nilirudi kwenye kiti, asubuhi nikajilaumu. Lakini siku za kitanda zikawa nyingi kuliko za kiti. Wiki ya tano daktari akachungulia, akagusa kidogo, akasema shimo limejifunga.

Nikamuuliza daktari ni nini mke wangu alikuwa anawaambia watu waliong'olewa meno. Mimi sikuwahi kung'olewa akiwa hai, sikupata kumsikia. Daktari akasema alimsindikiza kila mmoja mpaka mlangoni na kumwambia maneno yaleyale, na sasa anayasema yeye mwenyewe, maana mlango umekuwa kimya. Nikamwomba anitajie kama yalivyokuwa. Akanitajia.

"Daktari amemaliza, mimi nimeshafuta kiti. Kazi iliyobaki ni yako. Nenda kalale."