Utando Kwenye Mchicha wa Mbegu

Idrisa Majidi ni fundi cherehani wa Gongoni. Ana miaka sitini na miwili, na kwa miaka thelathini na minne amekula mchicha wa mkewe, Zuwena, bila kukanyaga bustanini. Bustani iko nyuma ya jiko, hatua nane kutoka kwenye cherehani yake.

Mwezi wa tano mwaka jana binti yao alijifungua huko Usinge. Zuwena akapanda treni kwenda kumlea mzazi siku arobaini. Kabla ya kuondoka alimpeleka mumewe kwenye tuta la mwisho, lenye mashina thelathini.

“Hili halichumwi,” alisema. “Ni la mbegu za marehemu mama. Zilizokuwa kwenye kopo zimeliwa na panya. Zimebaki hizi tu.”

“Nifanye nini?”

“Mwagilia. Basi.”

Idrisa alimwagilia. Siku ya kumi na mbili aliona utando mweupe umekunja jani moja. Siku ya kumi na tano ulikuwa kwenye mashina tisa, naye akaridhika. Tangu utotoni chuoni anakijua kisa cha buibui aliyeziba mlango wa pango Mtume alipojificha. Nyumbani kwake utando haubomolewi, hata ukiwa juu ya kabati. Zuwena huwa anafagia Idrisa akiwa hayupo.

Akaanza kumwaga maji kwa kikombe, shinani tu, asije akalowesha nyumba ya mtu. Majani yalipotoboka, alidhani ni jua. Zuwena alipopiga simu kuulizia mchicha, alijibu kwamba upo. Haukuwa uongo.

Siku ya kumi na tisa aliingia Dafrosa, jirani wa ng’ambo ya ua, anayelima na kuuza mboga. Alikuwa anamfuata kuku wake.

“Hodi, shemeji! Kuku wangu kapita... Yesu na Maria! Unafuga nini humu?”

“Buibui. Usiwaguse, Mama Vedasto.”

“Buibui wa wapi anakula majani?”

Alichuma jani lililokunjwa, akalifungua kama barua. Ndani mlikuwa na kiwavi mwembamba wa kijani na vinyesi vyeusi kama chembe za pilipili manga. Kiwavi alijinyonganyonga, akajirusha, akabaki ananing’inia kwenye uzi wake.

“Hesabu miguu.”

Idrisa alivaa miwani ya kazi. Alihesabu mara mbili. “Inazidi minane.”

“Basi si buibui. Huyu anashona jani, analala ndani, anakula kuta. Fundi mwenzako.”

“Mimi sili nguo za wateja.”

“Wateja wanasema vitambaa vinapungua.” Kisha Dafrosa akalitazama tuta zima, na utani ukamwisha. “Mbegu za mama yake, shemeji. Ungeunguza nyumba, angekusamehe.”

Alimweleza kwamba dawa ya kunyunyiza haifiki ndani ya jani lililoshonwa. Kwanza ni mkono: kila asubuhi funua jani, toa kiwavi, tumbukiza kwenye maji ya sabuni. Jioni nyunyiza maji ya mwarobaini uliotwangwa na kulowekwa usiku kucha, chini ya majani, kila baada ya siku nne. Na vipepeo vidogo vya kahawia vyenye mstari mweupe, vinavyoruka mtu akipita, ndio mama zao.

Idrisa alifunga cherehani asubuhi zote. Siku ya kwanza alitoa viwavi mia mbili na kumi na wanne. Aliwaomba radhi kumi wa mwanzo, kisha akaona kazi haiendi. Siku ya pili walikuwa mia na thelathini na mmoja. Siku ya sita, wanne. Mashina kumi na tisa yalikwisha kuwa vijiti. Kumi na moja yalibaki na maua.

Zuwena alirudi, akatua mzigo, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko.

“Yalikuwa thelathini.”

“Yalikuwa,” alisema Idrisa, akamsimulia yote, pamoja na kikombe.

Zuwena alisikiliza akiwa amesimama. Alikata shuke moja lililokauka, akalipekecha kiganjani, akapuliza makapi. Zilibaki punje nyeusi zinazong’aa.

“Zimekomaa,” alisema. “Nishonee vifuko viwili.”

Alishona, mshono mara mbili. Mashuke yote yalipopekechwa, Zuwena aligawa mbegu sawasawa. Kifuko kimoja alikiweka kabatini, cha pili akavuka nacho ua.

“Nitunzie hizi, Mama Vedasto,” alisema. “Mwezi ujao narudi Usinge, na yeye anabaki.”