Nilivyokalia Kapu Uwanja wa Ndege

Kwetu ghuba ya Tungue, ukipandishiwa bei baada ya kukubaliana, hupigi kelele. Unachukua kapu lako tupu, unalifudikiza mbele ya mwenye mali, unalikalia na kunyamaza. Basi. Anayekuja kununua anakukuta hapo, anauliza, "Jamani, kuna nini?" Wewe hujibu. Unamtazama tu mwenye samaki. Haya zitamla mpaka arudi kwenye neno lake. Nimelikalia kapu mbele ya wavuvi, mbele ya matajiri waliovuka Ruvuma na vitambaa vyao, na safari moja mbele ya shemeji yangu mwenyewe. Sijapata kuinuka nimeshindwa.

Nayasema haya mwanzo ili mtu asidhani kwamba nililolifanya kwenye uwanja wa ndege wa Mocímboa lilikuwa wazimu wa uzee.

Mimi shule sina. Juzuu Amma ninayo kifuani, na kwa Wareno nilikaa mpaka siku mwalimu aliponichapa kwa jambo ambalo hakuwa amenifundisha. Nikatoka, na mpaka leo sijarudi. Nilianza kwa kubeba chumvi kichwani, kutoka pwani mpaka Nhica huko bara, shingo ikaingia mabegani. Kutoka chumvi nikaenda kwenye ng'onda, samaki wa kukaushwa, kutoka ng'onda kwenye pweza mkavu, na nyumba ninayolala ni ya matofali, wala hakuna mtu mwenye tofali lake ndani. Yote hayo kwa neno. Mvuvi nikimpa mkono leo, hata bei ikianguka Mtwara kesho, nitamlipa tuliyokubaliana na nitakwenda kulia kwangu.

Sasa, mke wangu. Jicho lake la kushoto lilizimika wakati ule tulipokuwa tunakimbia vita, tunalala porini, na hakuna wa kututazama. Tuliporudi Palma, la kulia nalo likaanza. Asubuhi anaona, jioni anapapasa ukuta. Hospitali wakasema ni presha ya macho, jicho likishafungwa na presha halifunguliwi tena, ila likiwahiwa hupasuliwa na kubaki na mwanga wake. Binti yetu anayekaa Pemba akapiga simu: daktari wa macho, mgeni, yuko Nampula wiki ile tu. Akiondoka, hajulikani atarudi lini.

"Mlete Pemba kwa ndege, baba," akaniambia. "Nampula nitampeleka mimi. Barabara ya kwenu usiiamini. Msafara wa askari ukisimama, mnalala hapo hapo."

Nikashuka Mocímboa, nikaingia ofisi ya tiketi mwenyewe. Kijana wa pale akanitajia bei. Nikamuuliza, "Hii ndiyo yote? Mpaka miguu yangu ikanyage Pemba?" Akasema ndiyo. Nikalipa, nikamnyooshea mkono. Alishangaa kidogo, lakini akaupokea. Mimi kwangu hapo bei ilikuwa imefungwa.

Siku ya safari tulifika uwanjani mapema mno, hata mfagiaji hajamaliza. Mke wangu nilimkalisha kwenye benchi na kapu lake la ukindu mapajani, ndani mna mkate, maji na kanga ya kubadilisha. Mimi sikuweza kukaa. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikatoka nje kutazama mbingu, nikarudi. Kila nikirudi anauliza, "Wametuita?" Namwambia bado.

Walipoita, nikatangulia kaunta. Binti wa pale alikuwa mtoto mzuri, ana adabu. Akapiga vidole kwenye mashine yake, akatazama, akapiga tena.

"Papá, kuna taxa, ushuru wa uwanja, imeongezeka. Kila abiria analipa tofauti hapa."

"Tofauti ya nini? Nimeshalipa."

"Taxa imepanda baada ya nyie kukata tiketi."

"Baada."

"Ndiyo, papá. Baada."

"Basi wadai hao wa baada."

Watu kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. "Ni sistema ya mashine, papá. Usipolipa, sistema haitoi karatasi ya kupandia."

"Sistema sikumpa mkono mimi. Nilimpa mkono kijana wa ofisi yenu. Mwiteni."

"Leo hayuko kazini."

Nisieleweke vibaya. Pesa nilikuwa nazo. Zilikuwa mfuko wa shati, na walichotaka hakikufika hata nusu yake. Lakini mtu akishakufungulia fundo la neno moja, atakufungulia yote. Nikarudi kwenye benchi, nikachukua kapu, nikamwaga vilivyomo mapajani mwa mke wangu. Alishika mkate kwa mkono mmoja na chupa kwa mkono mwingine, akaelewa hapo hapo.

"Hapa?" akanong'ona. "Mbele za watu wa ndege?"

"Bei ni bei."

Nikalifudikiza kapu mbele ya kaunta, nikakaa, nikamkazia macho yule binti.

Nilikaa, lakini ndani yangu hakuna kilichokaa. Nilikuwa nasikia kila mlango, kila simu, kila gari linaloingia. Abiria wakanizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Wengine walinung'unika kuhusu ile taxa, wakalaani, halafu wakalipa! Kila aliyelipa alinichoma. Nilitaka kuwaambia, ninyi mnaiharibu, kaeni na mimi. Lakini aliyekalia kapu hasemi.

Askari akaja na kikombe cha maji. "Mzee, kizunguzungu?" Nikatikisa kichwa. Akaniwekea kikombe miguuni akaenda zake.

Halafu akaja bwana mmoja wa bara, Mmakonde wa Diaca, kaunda suti yake imepigwa pasi mpaka inakata. Akanitazama, akatazama kapu, akaanza kucheka kicheko cha watani.

"Ewe mtu wa pwani! Umewakalia kapu wenye ndege?"

Nikaendelea kumkazia macho yule binti.

"Mtani, sikiliza. Kapu hukaliwa mbele ya mtu anayekujua. Huyu binti akitoka hapa hatakuona sokoni, wala msikitini, wala msibani. Haya atamuonea nani?" Akalipa yake, akakunja karatasi yake, akaongeza, "Ungekalia ndege yenyewe labda."

Lilikuwa neno la kweli, na lilinikera zaidi kwa kuwa la kweli. Nikajikaza juu ya kapu. Ukindu ulikuwa unalia chini yangu.

Mke wangu akauliza kutoka kwenye benchi, "Wamekuita?"

"Bado."

Nje ndege ilikuwa imeshatua, ndogo, ya panga boi. Wakaanza kupakia mizigo. Watu wakaingia mlango wa ndani mmoja mmoja, ukumbi ukabaki na mwangwi.

"Wamekuita?"

"Tulia, mama. Wataita."

Yule binti akatoka nyuma ya kaunta, akachuchumaa mbele yangu kama mtu anayezungumza na babu yake. "Papá, tunafunga."

"Umerudi kwenye bei?" Hilo moja aliyekalia kapu anaruhusiwa kumuuliza mwenye mali.

"Siwezi, papá. Wallahi siwezi."

"Basi funga."

Hapo ndipo nikasikia benchi limelia. Mke wangu amesimama. Mkate ameuacha pale. Alikuja akipapasa hewa kwa kiganja, akaifikia kaunta, akaushika ukingo wake. Kisha akavuta pembe ya kanga yake mdomoni, akafungua fundo kwa meno. Zilikuwa pesa zake za mikeka. Sijapata kuziuliza, na yeye hajapata kunitajia.

"Binti yangu, hizi zinamtosha mtu mmoja?"

"Zinatosha, mamã."

"Nipe karatasi."

Nikamgeukia. "Unakwenda na nani wewe?"

"Na jicho langu."

"Na mimi?"

"Wewe una kesi. Kaa uimalize." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonikata. Akageuka upande alikosikia viatu vya yule Mmakonde, ambaye alikuwa amebaki mlangoni anatutazama. "Baba, nipe mkono nisijikwae."

Yule bwana hakucheka tena. Akampa mkono, wakaingia.

Niliinuka. Ndiyo, niliinuka, na pesa mkononi. "Haya, chukua," nikamwambia yule binti. Akatazama mashine yake, akanitazama mimi, macho yamemjaa maji.

"Sistema imeshafunga, papá."

Nikatoka nje mbio, nikaifuata senyenge mpaka mwisho wake. Nilimuona akipanda ngazi, mguu unatafuta kila kidaraja, mkono wa mtu mwingine kwenye kiwiko chake. Vumbi lilipotulia nilikuwa bado nimesimama, kapu kichwani kama mchuuzi aliyekosa soko.

Kesho yake nikapanda basi la msafara. Tulisimama, tukangoja, tukaenda, tukasimama. Watu walishuka wakalala chini ya miti ya pembeni. Mimi nilizunguka lile basi mpaka askari akanikemea. Simu haikuwa na mtandao. Nilikuwa naigusa tu mfukoni kila mara, kama jino bovu. Nilimfikiria ameshikwa mkono na nani sasa, ameketi wapi, na kama anauliza ulizo lake lile lile, na nani anamjibu.

Pemba sikulala. Nampula nilifika shati limeganda jasho. Binti yetu alikuwa mlangoni pa wodi. "Wamempasua jana," akasema. "Kitambaa kitatolewa kesho. Hakuna anayejua bado."

Nikaingia, nikakohoa kidogo. Alikuwa amekaa kitandani na pamba nyeupe imefunika jicho, uso ameuelekeza mlangoni.

"Wamekuita?"

"Hawakuita. Nimekuja mwenyewe."

"Kapu langu?"

"Ninalo."

Akanyoosha mkono, akalipapasa ukingo mpaka kitako. "Umelibonyeza," akasema, akaliweka kando yake.

Mpaka leo nasema bei ilikuwa imefungwa na wao ndio walioifungua. Nitafutieni mzee yeyote wa Tungue atakayesema vingine. Lakini usiku ule, kwenye veranda ya hospitali, sikuifikiria bei. Nilitembea kutoka nguzo hadi nguzo mpaka mlinzi akaniletea kiti, na kile kiti sikukikalia.

Asubuhi daktari akaja, akabandua kile kitambaa polepole. Mke wangu akafumbua jicho, likatoka machozi, akalifumba. Binti yetu alikuwa ameshika mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimekishika chuma chake.

Akalifumbua tena. Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka.

"Shati lile lile?" akasema. "Siku zote hizi?"