Namba Iliyobaki Makambako

Maktaba ya chuo chetu pale Njombe ina madirisha saba, na asubuhi za Juni yote huwa meupe kwa ukungu. Nilibaki mkutubi peke yangu tangu alipofariki mama mkutubi aliyenifundisha kazi. Watu hudhani mkutubi anapanga vitabu tu. Mimi nilishinda mbele ya kanzidata: kitabu hiki kimeombwa na nani, kimeagizwa lini, kimefika au kimekwama njiani. Na kwa majarida ya mtandaoni, leseni inaisha lini na nani apelekewe taarifa.

Kwenye kila leseni, kisanduku cha mhusika kilikuwa na jina la yule mama na namba yake ya simu. Sikuvigusa. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka ndugu wakae wavigawe. Nguo zake ziligawiwa, hata jembe lake. Lakini nani angekaa kikao kwa ajili ya kisanduku cha kanzidata? Nikasubiri ruhusa ambayo hakuna aliyejua kwamba ninaisubiri.

Jumatatu moja mwanafunzi wa uuguzi alikuja mezani kwangu.

"Dada, majarida yamegoma."

"Umekosea neno la siri."

"Darasa zima tumekosea? Utafiti tunakabidhi Ijumaa, dada. Mimi nimetoka Matembwe kuja kusoma, sikuja kuangalia ukungu. Ukungu hata kwetu upo."

Nilifungua rekodi. Leseni ilikuwa imekwisha. Kampuni inayotoa majarida ilijibu barua pepe yangu upesi: walikuwa wametuma taarifa tatu kwa mhusika, bila jibu. Ili leseni iendelee, ilibidi nithibitishe kwa tarakimu ambazo wangezituma kwenye namba ile ile. Mwisho Jumatano. Baada ya hapo tungeomba upya, na maombi mapya huchukua wiki nyingi.

Simu ya marehemu nilijua iko Makambako, kwa mumewe. Nikapiga. Iliita mpaka ikakatika.

Kesho yake nikaenda. Nyumba iko karibu na reli. Mzee alikuwa kibarazani akimenya viazi, na simu ipo dirishani, imechomekwa kwenye chaji.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Nilikuwa nasema huyu atakuja lini, nikachoka kusema."

"Jana nilipiga."

"Niliona. Sasa nipokee niseme nini? Niseme ametoka kidogo?"

Nilimweleza shida yangu. Akaifuta mikono, akanionyesha zile taarifa tatu. Hakuwa amefuta hata moja.

"Kizungu chao sikielewi, ila jina lake naliona," alisema. "Nikawa nasema, afadhali kuna watu bado wanamtafuta."

Nikaomba tarakimu kwa simu yangu. Ile ya dirishani ikatetemeka. Akazisoma moja moja, taratibu, kama mtu anayetangaza namba ya wimbo kanisani. Leseni ikakubali. Kisha ukurasa ukaniuliza kama nataka kubadili mhusika, na kidole changu kikasimama.

"Nikibadili, baba, hawataandika tena huku."

Alimaliza kiazi alichokishika, akakitumbukiza kwenye maji.

"Wataandika kwako?"

"Kwangu."

"Basi chukua. Kikao ndiyo hiki, wawili tunatosha. Ila wewe usiache kupiga."

"Utapokea?"

"Sijui. Wewe piga."

Nikaandika jina langu nikiwa nimesimama pale pale.

Ijumaa wanafunzi walikabidhi utafiti wao. Yule wa Matembwe alipita dirishani bila kuingia, akanipungia karatasi zake. Mchana ukawa mrefu. Kwenye kanzidata jina langu sasa liko kwenye kila leseni, na zikija taarifa, zinakuja kwangu, na hakuna wa kumwambia kwamba zimekuja.

Kila Ijumaa napiga Makambako. Huita mpaka ikakatika. Wiki iliyopita ilipokelewa.

"Ametoka kidogo," alisema mzee. Kisha akaniuliza kama ukungu wa huku umeondoka.