Jiwe Katika Wali wa Shosho

Kwa Shosho, nyanya yangu, kule Mukurweini, hakuna anayetema chakula. Ukitema, umemwambia mpishi hajui kupika. Kwa hiyo Jumapili ile, jiwe lilipopasua gego langu katikati ya wali, nilimeza jiwe, nikameza na kipande cha jino, kisha nikasema, "Shosho, wali wa leo ni mtamu kuliko wa Krismasi."

"Basi ongeza."

Nikaongeza, nikatafunia upande wa pili.

Ningemwambiaje? Kahawa yake siku hizi huchumwa na jirani, na ng'ombe hukamuliwa na binamu yangu. Kazi aliyobakiwa nayo ni kutupikia Jumapili. Mchele ambao shangazi hutuletea kutoka Wang'uru aliuchambua mwenyewe kwenye ungo, jua likimpiga magotini, akiimba nyimbo za kanisa. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Sote tulijua, na hakuna aliyesema.

Nikarudi Ruring'u, ninakosuka nywele kwenye saluni ya mtu huku nikiota yangu, yenye kioo cha ukuta mzima. Bima ya matibabu sina, na siku nisiyosuka silipwi. Nikajiambia jino litatulia. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikabana karafuu, nikameza vidonge vya maumivu.

"Leo redio yetu imeisha betri?" wateja wakanitania, maana mimi huongea na kucheka kutwa. Nikacheka nao, mkono shavuni.

Wiki ya tatu shavu lilifura mpaka jicho likabaki mstari. Sikwenda Mukurweini Jumapili hiyo. Jumatatu asubuhi Shosho alibisha mlangoni kwangu, amebeba uji kwenye chupa ya chai. Aliponiona aliiweka chini. Alinishika mkono kama mtoto wa nasari mpaka hospitali ya serikali.

Daktari wa meno alikuwa kijana mpole. "Uko na bima?"

"Sina."

Akashusha pumzi. "Ungekuja mapema tungeziba. Sasa kuna usaha chini. Kutibu mzizi hapa hatufanyi, na kliniki za binafsi bila bima..." Akavaa glavu. "Tutang'oa. Kwani ulivunja na nini?"

Shosho alikuwa kwenye benchi pale pale, kiondo mapajani.

"Nilifungua soda na meno," nikasema.

Daktari akacheka. "Vijana nyinyi! Ati meno ni ya kufungua chupa?"

Shosho hakucheka. Soda hunichoma kifua tangu utotoni, na ni yeye aliyenikataza kuinywa. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

Ganzi haikushika vizuri kwa sababu ya ule usaha. Nililia, naye Shosho akanishika miguu mpaka jino likatoka.

Alikataa nirudi saluni, tukaenda kwake. Hata kitambaa cha kichwa hakufungua. Alimwaga mchele kwenye ungo, akaanza kuupapasa polepole kwa ncha za vidole, huku uso ameuelekeza ukutani. Alichukua muda mrefu. Kisha akaniwekea kiganjani vijiwe vitatu, vyeupe kama mchele wenyewe.

"Lile lako lilikuwa kama hivi?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa pamba, nisingeweza kudanganya kwa maneno tena. Nilitikisa kichwa kukataa, lakini machozi yalikuwa yameshatangulia.

"Ungeniambia," akasema. "Ningelia siku moja, na jino lingebaki."

Akanipa ungo. "Kaa nao. Mimi nimechoka."

Nilifikiri amechoka siku hiyo tu.

Siku hizi Jumapili nachambua mimi, na kupika napika mimi. Shosho hukaa kando, mikono mapajani kama mgeni aliyefika mapema. Haimbi. Nikimwomba anisaidie kidogo, husema, "Endelea tu, mama." Namhadithia saluni yangu ya kesho na namna nitakavyomkalisha mbele ya kile kioo, nikicheka na pengo langu. Yeye huniangalia kwenye pengo.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakula wawili. Nikasikia kitu kikilia ka! mdomoni mwake. Akasimamisha taya.

Nikakinga kiganja chini ya kidevu chake. "Tema, Shosho. Tafadhali, tema."

Akameza.

"Ni mtamu," akasema, akasogeza sahani. "Niongeze."