Bakili na Msoma Habari Asiyeitikia

Zamzam alikuwa na mdomo, we acha tu. Mtaa wa Sikukuu mzima ulijua: ukitaka mihogo ya kukaanga, nenda kwa Zamzam, ukitaka kuchambwa bure, muulize mbona kipande kidogo. Alitoka Lindi na mumewe Uwesu, kuli wa bandarini, wakapanga chumba Kariakoo. Siku wanaondoka, baba mkwe, Mzee Bakili, alisema neno moja tu: "Mjini hapalei mtoto." Zamzam akajisemea moyoni, utaona.

Mtoto wa kiume alipozaliwa wakampa jina la babu, Bakili. Shida ikawa karai. Kila jioni analiinjika nje, mafuta yanachemka, na mtoto ndiyo kwanza anatambaa. Hapo akaingia dada Siti wa chumba cha mbele. Kaka yake alikuwa baharia, akamletea televisheni, na themanini mwanzoni kuwa na televisheni Kariakoo ilikuwa kama kufuga tembo uani. Bara hapakuwa na kituo, basi antena ikafungwa kwenye mwanzi juu ya bati, wakanasa picha za Unguja, nusu watu nusu chenga.

Bakili akawa anakalishwa mkekani mbele ya sanduku lile tangu hajasimama dede. Katulia tuli!

"Wangu hasumbui," Zamzam akijigamba huku anageuza mihogo. "Nyie wenye vitoto vya kulialia, poleni."

Jioni moja msoma habari akatokea na kofia yake. Bakili, ulimi ndiyo kwanza unakunjuka, akasimama, akamwambia, "Chikamoo!" Msoma habari akaendelea na habari zake. Chumba kizima hoi! Zamzam akaitwa aje aone, akacheka mpaka khanga ikamdondoka, na kila mteja akasimuliwa. Kesho yake mtoto akaamkia tena, akasubiri. Kimya. Keshokutwa tena. Watu walicheka mpaka wakachoka. Ni lini mtoto aliacha kuamkia, mama yake hakujua.

Basi Mzee Bakili akaja. Katoka Lindi kwa basi, vumbi mpaka kwenye kope, kofia kichwani, kabeba korosho za mjukuu aliyebeba jina lake. Majirani wakajaa ukumbini. Zamzam kajitanda khanga mpya, kapiga magoti, "Shikamoo baba," akaitikiwa. Kisha akamsogeza mwanawe kama mtu anayeonyesha kombe la mpira.

"Bakili, mwamkie babu."

Bakili akamtazama babu. Akakaa chini, akakunja miguu, akashika tama.

"Somo yangu," mzee akasema kwa furaha, "hujambo? Unanijua mimi nani?"

Mtoto kimya, macho kodo. Mzee akaongea weee, ya safari, ya mikorosho, ya jina lao. Mtoto hata kope hapepesi. Mwishowe akanyanyuka, akamzunguka mzee, akamchungulia mgongoni. Halafu akapiga mwayo.

"Mama, mzime huyu."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mzee hakucheka. Aliweka mfuko wa korosho chini, taratibu.

"Nani kamfundisha?"

Zamzam, yule mwenye mdomo, akatafuta pa kujificha. "Televisheni ya dada Siti, baba."

"Hee!" Siti akaruka. "Mimi nilikuja kukuomba mtoto? Si wewe uliyesema anatulia kama maji mtungini? Na ile shikamoo yake, nani alicheka mpaka akavuka nguo?"

Zamzam akainama. Alikumbuka kitoto kimesimama, kinasubiri kuitikiwa, na yeye pembeni anajishika mbavu.

Usiku ule mzee alikula kidogo, akageukia ukutani, akalala. Afadhali angetukana.

Jioni iliyofuata Zamzam alimfunga Bakili mgongoni, na joto lote lile, akaenda naye kwenye karai. Mzee akakaa kwenye benchi, kawapa kisogo. Kila mteja mzima aliyefika, Zamzam akanong'ona, "Mwamkie." Mwanzo mtoto akawa anatazama tu. Wa nne akamwamkia kwa sauti ya mbu.

"Marahaba, baba!" mteja akajibu, akamfinya shavu.

Bakili akashtuka. Akageuka kumtazama mama yake, kama anauliza, kumbe wanajibu?

Dada Siti akapita. "Leo hamji? Habari zinaanza."

"Leo hapana, dada."

Mtoto akanyoosha shingo juu ya bega la mama, akaiangalia ile kofia ya babu kwa nyuma. "Chikamoo."

Mzee hakugeuka. Bakili akasubiri, kama alivyozoea kusubiri. Zamzam akalitumbulia macho karai, hakuthubutu kuyainua.

"Marahaba, somo," mzee akasema mwishowe, bado kawapa kisogo.

"Dada, mihogo inaungua!" mteja akapiga kelele.

"Acha iungue," Zamzam akasema, huku kajifunika uso kwa khanga.